Lensi Yako na Yangu

Foleni ya daraja la Rusizi ya Pili, mpakani mwa Rwanda na Kongo, ilijaa madumu ya mawese na magunia ya maharage siku Munyemana, mpiga picha wa Kamembe, alipoona kamera ndogo ikining'inia kifuani mwa mwanamke. Mwanamke huyo alivaa kitenge cha buluu kilichompendeza mno, na mfuko wake ulijaa filamu za kuuza.

"Maman, kale kadude kanapiga picha kweli?"

"Kanashinda ile sanduku yako," akajibu, akitazama kamera ya filamu pana begani kwa Munyemana. "Mi ni Eugénie, wa Bukavu."

"Lensi yangu ni ya Wajerumani! Inaona hadi unywele mumoja wa nyusi."

"Yangu inaona muntu na nyumba yake. Yako inabaki kwa nyusi tu!"

Foleni nzima ikacheka. Mwaka ule wa 2002 vita vya ng'ambo vilikuwa havijaisha, na Munyemana, aliyerudi kutoka Kongo bila ndugu hata mmoja, alikuwa na siku nyingi hajachekwa. Alitaka achekwe tena.

Jumamosi Eugénie alivuka daraja, wakalinganisha lensi nyumbani kwa Munyemana, nyuma ya studio, kwa mwanga wa dirisha moja. Munyemana akampiga picha Eugénie kwa kamera kubwa, Eugénie akampiga yeye kwa ndogo. Jioni Munyemana aliagana naye kwa neno "cheri", yaani mpenzi, akaapa moyoni kwamba Eugénie akirudi atamwomba uchumba.

Macho hayana pazia. Alipoikuza picha ya Eugénie, aliona kope, aliona uzi wa kola, kisha akaona kidole cha pete: alama nyeupe, mpya kabisa. Kumbe ana mume! Huvua pete akivuka daraja! Wanaume nao. Bei ya filamu watauliza mara tatu, lakini linalowaumiza hawaulizi.

Simu iliita siku nzima. Mwishowe akapokea.

"Cheri, unanikimbia?"

"Niko na kazi mingi, maman."

"Maman? Juzi nilikuwa cheri."

Munyemana akakata. Tangu hapo alikula peke yake, redio ikizungumzia mapigano, na upweke ukamuuma kuliko ule aliouzoea.

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza Eugénie alipoingia bila hodi, mabega yamelowa. Akaweka picha yake mezani.

"Leta yako. Tulinganishe."

Munyemana akaileta, akagusa kile kidole pichani. Eugénie akakitazama, machozi yakamlengalenga.

"Bwana yangu alikufa mu vita ya kwanza ya Kongo. Hii kamera ilikuwa yake. Ile pete niliendelea kuvaa miaka sita, Munyemana. Niliitoa asubuhi ya ile Jumamosi, sababu ya weye."

Munyemana alitamani ardhi ipasuke. Eugénie akamsogezea picha ya kamera ndogo. Nyusi hazikuonekana vizuri, lakini chumba chote kilikuwamo: kiti kimoja, sahani moja, kikombe kimoja.

"Yako iliona kidole, na weye haukuuliza. Yangu iliona hii meza. Ni yenyewe imenirudisha."

"Unisamehe, cheri. Nataka nikuoe."

Eugénie akanyoosha mkono juu ya meza. Kidole kilikuwa kimesharudi rangi ya wenzake.

"Kwanza unipe chai. Nimelowa."

Kikombe kilikuwa kile kile kimoja, wakapokezana.