Bwawa Lililotakata Baada ya Mvua

Jumatano, tarehe 13 Novemba 2024. Mvua ilinyesha Nshamba usiku kucha, na kulipopambazuka yalibaki manyunyu na ukungu mzito uliolala juu ya migomba. Saa kumi na mbili na nusu mlinzi Bartholomayo aliwakuta sato wote wa bwawa la wajane wa kigango wakielea, matumbo juu.

Inspekta Annastella Lwakatare alifika kutoka Muleba saa tatu. Alifanya ishara ya msalaba, kama afanyavyo mbele ya kila kifo, kisha akamfunua samaki mmoja matamvua ya kupumulia. Yalikuwa yamezibwa na ute mweupe.

“Ulilala, Bartholomayo?”

“Mvua ile, Afande? Hata shetani alikuwa amejifunika.”

Annastella hakucheka. Kijito kilichoingia bwawani kilikuwa chekundu kwa tope, lakini bwawa lenyewe lilitakata hadi mawe ya chini yakaonekana.

Juu ya bwawa lilikuwa shamba la Alistidia, mjane aliyepulizia mibuni yake dawa siku iliyotangulia. Ndani ya bomba lake ilikutwa gundi inayoshikisha dawa kwenye majani. Watu walikwisha kuhukumu. Ephrasia, mama mkwe wake, alisimama kati ya wajane wenzake akasema, “Alianza na mwanangu. Sasa samaki. Kesho ni sisi.”

Alistidia alipakiwa kwenye gari la polisi bila viatu. “Waitu, nakusihi, Afande,” alisema, “nikikaa ndani, kibanja chetu, shamba la ukoo, watakigawa. Mume wangu amezikwa pale. Wanangu wataenda wapi?”

Kabla ya kuondoka, Annastella alizunguka nyumba tatu za mteremko ule. Bomba likisuuzwa, maji yake hayatupwi hovyo: huku maji machafu yote hulishwa mgomba wa nyuma ya jiko. Alichota nyasi za matandazo kwenye mashina ya migomba hiyo, akazifunga, kila nyumba fungu lake. Nyumba ya tatu ilikuwa ya Mwesiga, shemeji wa Alistidia, ndugu wa marehemu mumewe. Mwesiga alipopigiwa simu alisema yuko Bukoba kazini tangu Jumatatu, na hatarudi kabla ya Alhamisi.

Wiki iliyofuata Joyness Byarugaba, mkemia aliyepelekewa maji ya bwawa, gundi na zile nyasi, alipiga simu.

“Afande, kilichoziba matamvua ni plastiki inayoyeyuka majini. Nimeipitisha kwenye mrija wa kuchuja ukubwa. Molekuli kubwa hutoka kwanza, ndogo hufuata. Ya bwawani imetoka pamoja na gundi ya yule mama. Ukubwa ni ule ule.”

Annastella alikata simu. Alipanda kanisani akasali tasbihi nzima kwa ajili ya mwanamke ambaye yeye mwenyewe alikuwa anakaribia kumpeleka gerezani, na katikati ya fungu la nne yale maji maangavu yakamrudia. Alipiga simu akiwa bado kwenye ngazi.

“Mwanangu, gundi ya dawa inaweza kutakasa tope?”

Joyness alijibu, “Hapana. Basi niliridhika mapema. Ukubwa si uzito, Afande. Kapu la pamba na kapu la mawe yanalingana kwa macho. Nitapitisha mwanga: molekuli nzito huutawanya zaidi.”

Majibu yalikuja baada ya siku kadhaa. Molekuli ya bwawani ilikuwa nzito mara nne kuliko gundi, ijapokuwa zililingana ukubwa.

“Gundi ni kama kamba ya mgomba iliyolegea,” Joyness alieleza. “Hii nyingine ni kama mbuni usiopogolewa, tawi juu ya tawi, umesongamana. Nimehesabu maungio ya matawi kwa kipimo cha sumaku. Ni dawa ya kutakasa maji. Hushika tope likazama, na ikizidi hushika matamvua. Huku kwetu huitumia kiwanda cha maji ya chupa kule Bukoba, nami nimeilinganisha na yao. Uzito, ukubwa, matawi, vyote sawa.”

“Anayeikoroga pale ni nani?”

“Nimeambiwa ni Mwesiga.”

“Na zile nyasi zangu?”

“Dawa hii ikigusa nyasi haitoki kwa mvua. Mpaka uibandue kwa chumvi na asidi. Fungu la kwanza na la pili, hakuna. La tatu limejaa.”

Jumamosi tarehe 30 ukoo ulikutana uani kwa Ephrasia kumwondoa Alistidia kibanjani. Mzee Rutaihwa, mkuu wa ukoo, alikuwa amekwisha kufungua kikao Annastella alipoingia pamoja na Alistidia na askari wawili. Alieleza alichokigundua, polepole, mpaka kwenye nyasi.

Mwesiga alicheka. “Siku hizi polisi mnakamata nyasi? Ndiyo, dawa hiyo ninayo. Niliileta mwezi wa tisa kutakasa maji ya mvua. Nikasuuza dumu mgombani kama kila mtu. Kuna kosa?”

Baadhi waliitikia kwa vichwa. Annastella akamgeukia Ephrasia.

“Ma, matandazo ya nyuma ya jiko la Mwesiga yaliwekwa na nani?”

“Mimi. Mke wake anaumwa mgongo.”

“Lini?”

“Jumanne, jioni ya kuamkia siku samaki walipokufa. Nilikwangua yale yaliyooza mpaka udongo, nikatandaza mapya. Mvua ikanikuta…”

Alimtazama mwanawe.

“Nilizichota nyasi hizo Jumatano mchana,” alisema Annastella. “Mwesiga, ulisema uko Bukoba. Basi dumu lilisuuzwa usiku ule na nani?”

Mwesiga alitazama chini. “Kaka alipewa upande wenye maji,” alisema mwishowe. “Mimi nikapewa mawe. Amekufa, na bado upande ule uko kwa mwanamke wa kuja. Nilitaka atoke tu. Samaki si watu.”

“Na mimi je?” aliuliza Alistidia. “Mimi ni samaki?”

Askari walimfunga Mwesiga pingu, naye akapita mbele ya mama yake bila kuinua macho.

Ephrasia alisimama kwa taabu, akishika bega la Rutaihwa. Hakulia.

“Tata Rutaihwa, baba wa ukoo, sikia. Na ninyi wajane niliosali nanyi, sikieni. Leo mchana nahamia kwa Alistidia. Nitalala nyumba yake na kula chungu chake mpaka nizikwe pale kibanjani. Atakayekuja kumtoa, atanitoa mimi kwanza. Nimesema, Mungu ananisikia.”