Karatasi ya Mwisho ya Isobe

Siku chumba cha chai cha Isobe kilipofunguliwa tena, foleni ilianzia ghorofa ya tano, ikateremka ngazi zote, ikatokea mlangoni na kukunja kona hadi kituo cha basi. Mji wa Otaru haukuwa umeona foleni ya namna hiyo tangu wiki ambayo duka kubwa lenyewe la Isobe lilifungwa, miaka kumi na mmoja nyuma. Ghorofa nne za chini bado zilikuwa tupu, zimezibwa kwa mbao. Hakukuwa tena na kaunta ya manukato, wala ya kofia, wala yule msichana wa lifti aliyetaja kila ghorofa kwa sauti laini kama anayebembeleza mtoto. Kilichookolewa kilikuwa chumba cha chai peke yake: madirisha marefu, taa za vioo, viti vya velveti ya kijani.

Wazee walikuja wamevaa kama waendao harusini, kwa kuwa ndivyo watu walivyokuwa wakienda Isobe. Glavu zilitolewa sandukuni. Viatu vilipigwa rangi. Bibi mmoja alivaa kimono cha rangi ya zabibu na kila baada ya hatua tano alisimama kupumua, akikataa kushikwa mkono.

Chisato Murase alisimama katikati yao kwa saa moja na nusu. Alikuwa na miaka thelathini na saba, amevaa koti la buluu lililokatwa vizuri, na shingoni amefunga skafu ya hariri ya rangi ya maziwa. Waliojua waliitambua. Ilikuwa sare ya wafungaji zawadi wa Isobe.

Mlangoni alinunua tiketi ya kahawa na pudini. Bi Tokuko, mhudumu wa tangu zamani, aliyerudi kazini akiwa na miaka sabini na aproni nyeupe iliyopigwa pasi hadi ikasimama yenyewe, aliipokea tiketi, akaichana katikati.

"Meza zimejaa. Utakaa na mtu mwingine, kama desturi," alisema, akatangulia.

Kwenye meza ya dirishani alikaa mwanamume mmoja, amewapa watu mgongo. Mabega mapana, koti la sufu la kahawia, nywele zimeanza mvi nyuma ya masikio. Chisato aliyajua mabega yale kabla mtu hajageuka.

"Hapana," alisema.

"Hapana nini? Tiketi imeshachanwa. Ukitoka unapanga foleni upya."

Shuhei Kagaya aligeuka, akainuka nusu. "Nitatoka mimi."

"Na pudini yako iko jikoni. Kaeni chini wote wawili," Bi Tokuko alisema. "Hapa Isobe hakuna mtu aliyewahi kuumwa na mwenzake."

Walikaa. Kwa muda walitazama kila mmoja dirisha lake, ingawa dirisha lilikuwa moja.

"Umenenepa," Chisato alisema.

"Wewe umekonda. Chuki inakula mwili."

"Mwili wangu usiuhangaikie. Unafanya nini hapa? Ulikuwa ukisema chai ya hapa ni maji ya kuoshea vikombe."

"Nimekuja kutazama kazi yangu. Viti hivi nimevitengeneza mimi. Vyote arobaini na nane."

"Ndiyo maana changu kinayumba."

"Hakiyumbi."

"Kinayumba."

Shuhei aliinama chini ya meza, akashika mguu wa kiti, mmoja baada ya mwingine, yote minne. Aliibuka uso umemwiva. Chisato alikuwa akikoroga kahawa ambayo hakuitia sukari.

Zamani, mambo yalianzia ghorofa ya kwanza ya jengo hilohilo, kwenye kaunta ya zawadi. Shuhei, fundi wa samani, alikuja na birika la kufungiwa, akamwona msichana aliyegeuza boksi mara moja tu juu ya karatasi na likawa limefungwa, bila mkunjo mmoja wa ziada. Kesho yake alileta mwavuli. Keshokutwa akaleta kigoda cha miguu mitatu. Chisato alikifunga kigoda bila kuuliza swali, akakisukuma mbele yake na kusema, "Kesho leta ng'ombe." Shuhei alimwambia, "Wewe unaweza kufunga hata upepo." Baada ya miaka miwili walichumbiana, na mama yake Shuhei, Bi Yasue, alimpenda Chisato kuliko alivyompenda mwanawe, na hakuficha.

Kisha Bi Yasue akaugua, na mwezi huohuo Isobe ikatangaza kufungwa.

Kwetu, zawadi ina mdomo, ule ukingo wa karatasi unaobaki wazi baada ya mkunjo wa mwisho. Ya furaha hufungwa mdomo wa karatasi ukitazama juu, ili heri iingie na kukaa. Ya msiba hufungwa mdomo ukitazama chini, ili huzuni imwagike iende zake. Mfungaji wa Isobe alifundishwa jambo hilo siku ya kwanza, kabla ya kuonyeshwa choo kiko wapi. Siku ya Jumanne, katika wiki ya mwisho ya duka, Chisato alimpelekea Bi Yasue hospitali boksi la biskuti za siagi, akisema ni za wageni na wauguzi. Ijumaa, kabla jua halijachomoza, Bi Yasue akafariki. Walipokusanya vitu vyake, shangazi yake Shuhei, Bi Kinue, alilikuta boksi nyuma ya taulo kwenye kabati la kitanda. Mdomo wa karatasi ulitazama chini.

"Huyu msichana alimzika akiwa hai," Bi Kinue alisema.

Hakuna aliyelifungua. Chisato alipofika mazikoni, Bi Kinue alimzuia langoni mbele ya watu. Chisato alisema mara moja tu, "Sikufunga hivyo." Shuhei alisimama hatua tatu nyuma ya shangazi yake, na hakusema neno.

Sasa pudini zilikuja, zinatikisika kwenye sahani za fedha.

"Bi Kinue hajambo?" Chisato aliuliza.

"Alifariki mwaka juzi."

"Sikusikia." Akakata pudini kwa kijiko. "Na lile boksi mlilichoma, au mlimpelekea kuhani aliombee?"

Shuhei alisukuma sahani yake pembeni. "Ninalo."

Kijiko kilisimama. "Unalo."

"Kwenye kabati la patasi."

"Miaka kumi na mmoja umeweka mkosi pamoja na patasi zako. Umelifungua?"

"Nani afungue kitu kama hicho?"

"Kwa hiyo ulinihukumu kwa kutazama mgongo wa boksi."

"Nilihukumu nilichokiona, Chisato. Duka zima, ni nani mwingine aliyekuwa akifunga zawadi za mama? Ulikuwa umechoka. Foleni ilikuwa mpaka barabarani. Ungesema tu umekosea, ningekuelewa."

"Ndiyo, ungenielewa," Chisato alisema polepole. "Ungenisamehe kosa ambalo sikulifanya, na mimi ningekushukuru kila siku ya ndoa yetu."

Alisimama, akaacha nusu ya pudini, na katika watu wa foleni hakuna aliyeelewa kwa nini mwanamke aliyevaa vizuri namna ile ashuke ghorofa tano bila kushika ukingo wa ngazi.

Siku mbili baadaye, saa ya chakula cha mchana, simu yake iliita. Chisato alikuwa nyuma ya ofisi ya vifurushi anakofanya kazi sasa, mahali ambapo kila kitu hufungwa kwa gundi ya kahawia, tena nyingi.

"Ni mimi."

"Nani kakupa namba?"

"Bi Tokuko."

"Nitamnyonga yule bibi."

"Nimelitoa kabatini. Nimelitazama asubuhi nzima. Sioni kitu."

"Utaona nini wewe? Wewe unajua mbao."

"Nilifungue?"

"Ukiligusa nakuvunja vidole. Lilete. Jumatano, saa tisa, meza ileile. Na kahawa yangu usinilipie."

"Chisato. Ukilitazama na ukaona ni mkono wako, utasema?"

Chisato alibandua kipande cha gundi kilichonasa kidoleni.

"Kama ni mkono wangu," Chisato alisema, "skafu ile nitaitupa kwenye mfereji wa maji, na hutaniona tena Otaru hii."

Jumatano chumba kilikuwa na watu wachache. Mvua nyembamba ya Aprili ilinyesha ikichanganyika na theluji, na madirisha yalitoka jasho. Chisato alifika amevaa gauni la kijivu na skafu ileile. Shuhei alikuwa amenyoa, akajikata kidevuni. Boksi lilikuwa mezani ndani ya kitambaa cha kufungia, nalo lilikuwa dogo kuliko wote wawili walivyolikumbuka. Karatasi ya Isobe ilikuwa bado ya buluu yenye mawimbi meupe.

Chisato alivua glavu. Hakuligusa kwanza. Aliinamisha kichwa na kulitazama ubavuni, kama mtu anayetazama uso wa mgonjwa aliyelala. Kisha aliligeuza.

"Tazama hapa," alisema. "Mkunjo huu mkali ni wangu. Huu mwingine, pembeni yake, umekwenda upogo. Karatasi haisahau ilipokunjwa. Hii imefungwa mara mbili."

"Na nani?"

"Sijui. Mtu ambaye hakufundishwa." Aliinua kidole hadi kwenye stika ndogo ya mviringo yenye korongo, alama ya Isobe. "Hii ilibanduliwa. Ikarudishwa kwa kitu fulani. Kuna chembe nyeupe, zimekauka."

Shuhei alisogeza uso. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha aliirudisha mikono yake kutoka mezani, akaiweka mapajani.

"Wali," alisema.

"Nini?"

"Ni punje za wali. Babu yangu alikuwa fundi wa milango ya karatasi, ile inayobandikwa kwa wali. Mama hakuwahi kununua gundi maisha yake. Bahasha, picha, daftari zangu za shule, kila kitu alikibandika kwa wali uliobaki bakulini."

Bi Tokuko, aliyekuwa akifuta meza ya jirani ambayo tayari ilikuwa safi, aliacha kufuta.

"Fungua," Shuhei alisema.

Chisato alifungua. Ndani palikuwa na nafasi ishirini na nne. Biskuti zilizobaki zilikuwa kumi na tano, zimekuwa nyeusi kama magome. Katika nafasi tisa zilizosalia kulikuwa na karatasi tupu tisa za biskuti, kila moja imekunjwa nyembamba na kufungwa fundo.

Shuhei alizijua. Utoto wake wote alizikuta mifukoni mwa mama yake, karatasi za peremende zilizopigwa fundo, kwenye aproni, kwenye koti, kwenye mkoba wa kwenda kanisani na wa kwenda hekaluni, maana alikwenda kote.

"Shangazi alimkatazia sukari," alisema. "Daktari alisema ale anachotaka, lakini shangazi alisema sukari inalisha ugonjwa. Alikuwa akimpekua kitandani."

"Najua. Mama yako aliniambia. Alinishika mkono, akasema, Isobe inafungwa, na mimi nafunga, niletee biskuti kabla mmoja wetu hajatangulia. Akaniapisha nisimwambie mtu." Chisato alisukuma mafundo kwa ncha ya kidole, akiyahesabu. "Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Tatu kwa siku. Kisha alilifunga tena ili Bi Kinue aone halijaguswa. Hakujua mdomo unatazama wapi. Alikuwa na haraka."

Shuhei alianza kucheka. Kicheko kilikwenda vizuri kwa pumzi mbili, halafu kikakatika, akafunika uso kwa viganja vyake vya fundi. Chisato alimtazama. Mkono wake ulisogea kidogo juu ya meza, ukasimama kwenye bakuli la sukari.

"Nilikosa," Shuhei alisema ndani ya viganja.

"Hukukosa. Mama yako ndiye aliyekosa, na kosa lake ni tamu. Wewe ulinyamaza. Ulisimama hatua tatu nyuma ya shangazi yako, nikazihesabu, ukanyamaza. Usiyachanganye."

"Sitayachanganya."

"Miaka kumi na mmoja, Shuhei. Nilikuwa nikifunga vifurushi vya watu kwa gundi ya kahawia, na kila jioni nilijiuliza kama mikono yangu ilinisaliti nisijue."

Shuhei alishusha viganja vyake, akaitazama mikono hiyo.

Chisato alifuta meza kwa leso. Aliitandaza karatasi ya buluu, akailainisha kwa upande wa kiganja, mikunjo ya zamani yote miwili. Alirudisha kifuniko juu ya biskuti kumi na tano na mafundo tisa. Kisha aliliweka boksi kimshazari, akaligeuza mara moja. Bi Tokuko alisimama na kitambaa chake mkononi. Hakukuwa na stika wala gundi. Mkunjo wenyewe ulishika.

Shuhei alitazama. Mdomo wa karatasi ulikuwa umetazama chini.

"Chisato?"

"Hivi ndivyo ninavyofunga vya msiba," alisema. "Uone tofauti. Siku ile mlinirudisha langoni, sikumpa mtu pole."

Alilishika boksi kwa mikono miwili, akainamisha kichwa mpaka skafu ikagusa meza, akalisogeza mbele.

"Pole kwa kufiwa na mama."

Shuhei aliinuka, akalipokea kwa mikono miwili. Aliinama chini kuliko yeye na alikaa ameinama muda mrefu. Nje, basi lilipita likirusha maji.

"Jumapili nampelekea kaburini," alisema alipoinuka. "Nitakufuata nyumbani saa nne."

"Sihitaji kufuatwa. Basi nalijua."

"Na baada ya makaburini?"

Chisato alivaa glavu, kidole baada ya kidole. "Baada ya makaburini utakuja hapa, utanunua tiketi yako. Nami nitanunua yangu."

"Tutakaa meza moja?"

"Kukijaa," Chisato alisema.

"Jumapili hujaa," alisema Bi Tokuko, akachukua vikombe.