Mzigo Usiotuliwa Chini

Nywele za yule bibi wa Kizungu zilikuwa zimelala utosini kwa mduara, kama za mwanamke aliyetoka kuvua ngata. Mansour aliliona hilo kabla ya kuona kitu kingine chochote katika ngome ile. Akajiambia kwamba ni alama ya kofia.

Ilikuwa Jumapili ya Mei, saa tisa alasiri. Ngome ilisimama kando ya msitu, mwisho wa njia ya tramu: minara mitano ya zege na vioo vya buluu, iliyojengwa mfano wa vichuguu. Tajiri mmoja aitwaye Florent aliijenga miaka thelathini iliyopita, kumkumbuka kapteni aliyetembea kutoka pwani hadi Tanganyika. Florent alikuwa ameshakufa. Dada yake, Paulette, ndiye bibi aliyepokea wageni.

Mansour alikuwa amefundisha historia Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, kabla ya ukimbizi kumleta kwa Wabelgiji. Mkewe alizikwa siku hamsini zilizopita, na tangu hapo hakutoka ila kwenda msikitini. Yasmina, binti yao wa pekee, ndiye aliyemburuta. "Twende, papa, ukacheke kidogo. Mzungu kajenga vichuguu!"

"Donc, mnatoka Buyenzi," Paulette alisema kwa Kiswahili, alipowasikia. "Mimi nilikaa Bukavu douze ans, miaka kumi na miwili, na masista. Muingie, muingie." Hakugeuza kichwa kuwatazama. Aligeuza mwili wote.

Ndani, wapagazi wa mawe walipanda ngazi kwa mstari mmoja, kila mmoja na mzigo wake kichwani. Wa mwisho kichwa chake kilikuwa kitupu.

"Na huyu wake umeenda wapi?" Yasmina aliuliza.

"Ule ulikuwa sanduku la kweli. Kapteni alisema, mutu akitua njiani, apigwe risasi. Huyu akakufa amesimama, hakutua." Paulette alikuwa akihema. "Sanduku lilioza. Kilichokuwa ndani hakikuoza."

Mansour alisikia harufu ya magunia mabichi na jasho la zamani. Halafu akasikia nyayo tupu juu ya zege, nyuma yao, zikipanda walipopanda, na waliposimama zikachelewa kidogo kusimama.

"Yasmina," alisema polepole, "tushuke."

Paulette alikuwa amesimama ngazi moja juu yao. Uso wake ulikuwa umelowa.

"Maman," alimwambia msichana, kwa sauti ndogo ya mtu aliyechoka kabisa, "unitue."

Yasmina alilelewa na mwanamke wa Buyenzi. Kule mtu haachwi amesimama na mzigo. Ukiambiwa "nitue", mikono huinuka kwanza, macho yakatazama baadaye. Mikono ya Yasmina ikainuka. Juu ya kichwa cha yule bibi hapakuwa na kitu, lakini viganja vya msichana viligota kwenye kitu hewani, viwiko vikakunjika, na kile asichokiona kikapanda chenyewe mpaka utosini pake, kikakaa.

Shingo ya Paulette ilialika kama vijiti vikavu. Akaigeuza kushoto, akaigeuza kulia, akacheka.

"Onze ans! Miaka kumi na mmoja! Wabelgiji hawajui kupokea, papa. Nawaambia, wananitazama tu: pardon, madame?"

"Ni nini hicho?" Mansour aliuliza.

"Jini la ule muzigo. Kaka yangu alikuwa wa kwanza. Alitaka kulitupa hapa hapa kwenye ngazi, likamuvunja. Mbele ya kufa akaniomba, nikainua mikono."

"Papa, nabanwa," Yasmina alinong'ona. "Kitu kinanibana. Kinapumua."

"Lichukue, bibi. Ni mtoto."

"Mimi sitainua mikono tena hata akiniomba Papa Mtakatifu. Linapokelewa tu, na mwenye kulibeba aombe mwenyewe. Bon. Mlango ni kule."

Mansour akasoma Ayatul Kursi. Aliona, kwa uangalifu ule aliozoea kusomea nyaraka, kwamba mabega ya binti yake yalipanda kidogo aya ilipokuwa ikisomwa, na kwamba kila yeye alipokatisha kisomo ili avute pumzi yalishuka zaidi ya mwanzo, na damu nyembamba ikatoka puani mwa msichana, ikashuka mdomoni, na miguu yake ikaanza kutetemeka huku nyayo zile tupu zikikusanyika pande zote za ngazi, nyingi, zikikanyaga mahali pamoja kama msafara unaongoja amri ya kuondoka.

"Niombe mimi nikutue," alisema.

"Hapana, papa. Umetoka kumzika maman juzi."

"Nitalisomea na kulitua chini. Nimekwisha kuelewa namna yake."

Yasmina alimtazama. Katika maisha yake baba huyu hakuwahi kumdanganya, hata hospitalini, daktari alipotoka na watu wengine wote wakasema kwamba mama atapona.

"Kweli?"

"Kweli."

"Basi nitue, papa."

Akainua mikono. Uzito ulikuwa wa mtu mzima aliyelowa, nao ulikuwa na joto. Mansour akapinda magoti, akasema "Bismillahi," akafanya kama anayeweka kitu chini, kisha akasimama wima.

"Umetua?"

"Nimetua. Twende nyumbani."

Njia nzima hakugeuza shingo. Yasmina alizungumza, akacheka hata, akajipangusa damu kwa kitambaa. Tramu ilipofika Saint-Gilles, mtaani kwao, Mansour alimwambia ashuke atangulie, ana kitabu cha kurudisha kwa rafiki, na uongo huu wa pili ukatoka kwa urahisi uliomtisha. Nyumbani hangeweza kuingia. Ghorofa zote nne za jengo lao zilikuwa na watu wa Buyenzi, watu wema, na kila mmoja angeinua mikono.

Tramu ikaondoka naye. Mama mmoja wa Kikongo, mfuko wa mboga magotini, alikuwa akimtazama.

"Papa, shingo hiyo! Inakuuma? Sema tu, nikusaidie."

Neno "nitue" lilikuwa limeshapanda kooni bila yeye kuliita, zito, lenye joto, likisukuma meno yake kutoka ndani. Mansour akaufunga mdomo mpaka akaonja damu.

"Ah, masikini, hata kusema hawezi," mama yule akasema. Akaweka mfuko chini, akaja kukaa karibu yake, na mikono yake miwili ikaanza kuinuka.