Swali Lililomuua Fiifi Eshun

Maiti ya Fiifi Eshun ilikutwa Jumatano asubuhi ndani ya kiwanda cha samaki wa makopo pale Elmina, kichwa kimepasuka. Alikuwa mchumi wa kamati ya Bunge. Kesho yake Bunge lingepigia kura mswada wa kuwapunguzia wenye viwanda kodi, ati waajiri watu zaidi.

Kamanda akampigia simu Inspekta Ekua Bondzie. "Andika ajali, mama. Kura ipite kwanza."

"Ajali haimpigi mtu chuma mara tatu, afande." Akakata simu.

Mwenye kiwanda, Ebo Quansah, ndiye aliyeupigia debe mswada huo kuliko wote. Alifika kutoka Accra ananukia manukato.

"Gari lako lilionekana hapa jana jioni," Ekua alimwambia.

"Si kiwanda changu? Nilikuwa na wafanyakazi wangu mia, tunapokea samaki wabichi kutoka mitumbwini. Huyo bwana labda aliteleza tulipoondoka."

"Jana, Jumanne?"

"Jumanne, ndiyo. Husikii, dada?"

Koplo Nunoo akaangua kicheko. Jumanne pwani ile bahari ni ya mungu wake. Hakuna mtumbwi unaovua, na hata kichaa wa sokoni analijua hilo.

"Mzee, kiwanda chako umekisahau," Ekua alisema. Akagusa mashine. "Hizi hata nailoni zilizofungiwa dukani hazijatolewa. Wafanyakazi mia wanafanya nini, wanazitazama?"

Quansah akatweta, kisha akapandisha kidevu.

"Huyo Eshun alikuwa mbishi! Nilimwambia kodi ikishuka tunaajiri. Akasema, 'Hapo umeruka, mzee. Umechukulia tu kwamba pesa itakayobaki itakwenda kwenye mishahara. Mlishapunguziwa mara moja, twende nikaone.' Nikamleta, nikidhani atapokea bahasha. Akaona mashine, akacheka. Pesa ile nimejengea majumba, na nani hajengi? Hoja yangu ilisimama kwa mguu mmoja, yeye akaupiga teke. Nikamtwanga. Ningemtwanga tena!"

Nunoo akamfunga pingu. Nje walijazana kina mama wakaushaji samaki, walioahidiwa ajira hizo miaka nenda rudi.

"Tumpitishe nyuma, afande?"

"Mbele. Na lango liacheni wazi, waingie waone."

Waliingia. Mama mmoja akapiga kelele, "Ebo! Kazi zetu ziko wapi?"

Simu ya Ekua ikalia. Akaitazama, akampa yule mama.

"Kamanda huyo. Muulize na yeye."