Kofia ya Shahidi kutoka Kowloon

Maiti ya Mama Fung, mshenga wa mtaa wetu hapa Hong Kong, ilikutwa alfajiri chini ya gati la Kowloon, ng'ambo ya ghuba, kwenye ardhi ya Mfalme wa China. Jioni iliyotangulia, wauza samaki walikuwa wamemwona akipanda mashua upande wetu.

Wavuvi walioleta habari walikuwa wameota nywele kama brashi mbele ya kichwa, pale ambapo Wachina hunyoa. Mfalme alikuwa amefariki, na ng'ambo ile kinyozi aliyegusa wembe kabla ya siku mia za maombolezo kwisha alichapwa viboko. Huku kwa Waingereza kila mtu alinyoa apendavyo.

Adhuhuri Lam Shing, seremala, alikuwa kizimbani. Shahidi alikuwa mmoja, Yip Fuk, muuza chumvi. Aliapa kwamba alimwona Lam akimchoma mshenga kisu palepale gatini. Kwa mkataba wa Waingereza na China, Mchina aliyeua China hurudishwa China. Lam angevushwa kabla ya magharibi, na upanga wa huko hausubiri rufaa.

Mpelelezi Tse Kit alimwomba hakimu Mwingereza ruhusa ya kuuliza.

"Kaka Yip, umevuka lini?"

"Leo asubuhi. Kabla ya hapo, mwezi mzima sikutoka Kowloon."

"Lam unamjua?"

"Nani asiyemjua? Mdomo wa mshenga ulimpa mke ambaye yeye hamstahili."

"Chunga ulimi wako!" Lam alifoka.

"Tulia, bwana harusi."

Tse alimgeukia Ah-Kwai, mke wa Lam. "Shemeji, una la kusema?"

Ah-Kwai alimtazama mumewe kwa woga, akatikisa kichwa.

Yip alikuwa akitiririka jasho chini ya kofia aliyoishusha hadi kwenye nyusi. Tse alimpa kitambaa. "Vua, ujifute."

"Niko sawa."

"Au umeficha mayai humo?"

Watu walicheka. Tse aliivua mwenyewe. Kichwa kiling'aa kama bakuli la kaure.

"Kinyozi gani wa Kowloon amechoka na mgongo wake?"

Ah-Kwai hakuweza kujizuia tena. "Jana alasiri alikuja mlangoni kwangu, amenyoa, ananukia. Akataka nimwache mume wangu. Nilipomfukuza, akasema Mama Fung atajuta."

"Basi ulimuulia ndani ya ile mashua, ukamvusha," Tse alisema. "Ungeiacha maiti huku, Lam angehukumiwa hapa na kupata wakili. Ulitaka mkataba ukuulie mtu wa pili."

"Mama Fung alikula bata wangu miaka miwili!" Yip alipiga kelele. "Kila posa aliniambia ningoje. Kisha Ah-Kwai akampa huyu, mpiga randa!"

Pingu zilihamia mikononi mwake. Lam hakumtazama. Alikuwa akimkazia macho mkewe.

"Alikuja saa ngapi?"

"Shing, ungekatwa kichwa."

"Nimeuliza saa ngapi. Na ulimfungulia?"

Ah-Kwai aliinua kikapu cha wali aliokuwa amemletea.

"Ndiyo maana nilinyamaza," alisema, akatangulia kutoka.