Nywila ya Mwalimu Radeva

Wiki ya zamu ilipomfikia Zornitsa, aliamka kabla bibi yake hajamwita. Bibi Tsona alikuwa tayari yuko roshani akichoma pilipili hoho, maana ulikuwa msimu wake, na mtaa wao mzima mjini Troyan ulinuka moshi mtamu wa pilipili zilizobabuka. Alimfungia mjukuu wake kipande cha banitsa, mkate wa matabaka wenye jibini, kwenye karatasi, akamwonya asikile njiani. Zornitsa alikila njiani, akafika shuleni wa kwanza, mikono ikinata mafuta.

Mwenye zamu alikuwa na kazi zake. Alifungua madirisha, akafuta ubao, akalowanisha sifongo, na kumwambia mwalimu nani hayupo. Enzi za mama zao ndiye pia aliyeingia chumba cha walimu na kutoka na daftari kubwa la darasa kwapani, lenye alama za kila mtu, huku wenzake wakimwonea wivu. Siku hizi daftari limo ndani ya kompyuta. Lakini Mwalimu Radeva, mwalimu wa darasa la saba, alikuwa amefundisha tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na desturi ile ilikuwa imemwingia damuni. Alipoona daftari halibebeki tena, alibuni njia yake. Kila Jumatatu alimwinamia mwenye zamu na kumnong'oneza nywila yake, ili akiingia darasani akute daftari limeshafunguliwa. Ijumaa aliibadilisha, akaona mambo yako salama.

Zornitsa aliponong'onezewa, kichwa kilimvimba. Siku nzima alitembea kama aliyekabidhiwa funguo za benki.

Jumanne asubuhi, kabla ya kengele, rafiki yake Vyara alimfuata darasani. Wawili hao walikuwa pamoja tangu chekechea, wakagawana kila kitu, hadi tetekuwanga. Vyara alikuwa hajalala kwa wasiwasi wa mtihani wa hesabu, na alama zilikuwa bado hazijasomwa. Akaomba afunguliwe daftari aone alama yake tu. Zornitsa akakataa, akasema nywila ameambiwa yeye, hakuambiwa mwingine.

"Haya, mheshimiwa waziri," Vyara akasema. "Jana tu nilikuwa nakupa soksi zangu. Leo umepewa kompyuta, unaniona takataka."

Maneno hayo yalimchoma. Zornitsa akatazama mlango, akaandika jina la mwalimu na nywila, akamwambia Vyara aone alama yake aondoke. Kisha akachukua sifongo akaenda bombani, mwisho wa ukumbi. Alikuta watoto wa darasa la kwanza wamepanga foleni ya kunywa maji, wakirushiana matone na kucheka, naye akangoja. Aliporudi, Vyara alikuwa amesimama dirishani, ameipa kompyuta mgongo.

"Nne," Vyara akasema. Alama ya juu ilikuwa sita, kwa hiyo nne haikuwa ya kulia wala ya kucheka. Zornitsa akadhani yamekwisha hapo.

Kesho yake alama zilisomwa mbele ya wote, na Ognyan akapata sita. Ognyan alikuwa mvulana mchangamfu, fundi wa kutia chumvi, na hadithi zake zote zilimhusu baba yake, dereva wa lori huko Ujerumani. Mara baba kaona theluji mwezi wa sita, mara baba kapishana na gari la mchezaji maarufu. Wakati wa mapumziko alitangaza kwamba kwa sita ile baba angemletea simu mpya. Akamgeukia Vyara na kumwuliza baba yake yeye angempa nini kwa nne, kikapu cha jozi za mti wa uani? Watu wakacheka. Vyara akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Baba yako hayuko Ujerumani," akasema. "Baba yako yuko jela. Mama yako mwenyewe alimwambia mwalimu, imeandikwa."

Kicheko kikakatika. Kila mtu alingoja Ognyan arushe ngumi, au ajibu kwa mzaha kama kawaida yake. Hakufanya hata moja. Alichukua koti lake kwenye msumari, akalivaa taratibu, akafunga vifungo vyote, akatoka. Mkoba wake ulibaki chini ya dawati hadi jioni, na Zornitsa alikuwa akiutazama kila mara.

Siku iliyofuata Ognyan hakuja. Aliyekuja ni mama yake, bado amevaa aproni ya kiwanda cha samani, na sauti yake ilisikika mpaka ngazi ya juu. Alisema siri ile alimwamini nayo mtu mmoja tu katika shule nzima, na mtu huyo ni Radeva. Mkuu wa shule, Bi Tonkova, alimwita Mwalimu Stamen, aliyefundisha kompyuta na kuutunza mtandao wa shule. Stamen akatazama kumbukumbu za mtandao. Zilionyesha kwamba ukurasa wa Ognyan ulifunguliwa Jumanne asubuhi, darasani, kwa jina la Mwalimu Radeva.

Troyan ni mji mdogo. Kabla ya chakula cha mchana, hadi mwuza boza, kile kinywaji cha nafaka, pale kona alishajua kwamba Radeva ana mdomo mrefu. Ikasemwa kwamba baraza la walimu litakaa Ijumaa, na huenda akanyang'anywa darasa au akaondolewa shuleni kabisa.

Alasiri hiyo darasa la saba lilikuwa na kipindi cha Mwalimu Stamen. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo aliweka kitabu pembeni, akawaambia wafikirie mtandao wa shule kama jengo lenye mlinzi mmoja mlangoni. Mlinzi ana orodha kuu. Humo kuna jina la kila mtu, na kando ya kila jina vimeandikwa vyumba anavyoruhusiwa kuingia. Mwanafunzi huona alama zake mwenyewe. Mwalimu wa somo huona alama za somo lake. Mwalimu wa darasa huona zaidi, hata yale ya nyumbani ambayo mzazi amemwamini nayo. Nywila ndiyo humthibitishia mlinzi kwamba wewe ni wewe kweli.

Zornitsa akanyoosha mkono. Akasimama. "Na mlinzi akiletewa nywila ya mtu mwingine?"

"Mlinzi huyu hana macho," Stamen akajibu. "Haoni uso wala umri. Akipewa jina la mtu na nywila yake, atamfungulia vyumba vyote vya mtu huyo, na ataandika kwamba mwenye jina ndiye aliyeingia. Lawama itamwendea mwenye jina."

Zornitsa akakaa. Aliona sasa kwamba Jumanne ile hakumfungulia Vyara daftari la hesabu peke yake. Alimfungulia kila chumba cha Mwalimu Radeva, kisha akaenda kulowanisha sifongo.

Kipindi kilipoisha, Vyara alimvuta kando ukumbini, macho yamemvimba. Alikiri kwamba alipoona alama yake kidole kiliteleza kwenye jina la Ognyan, akasoma, na alikuwa amekusudia kunyamaza mpaka aliposhikwa na hasira. Lakini sasa alikuwa na hoja moja, akairudia mara kadhaa.

"Jina lako halimo, langu halimo. Tukinyamaza, nani atajua?"

Kilichomtisha Zornitsa ni kwamba Vyara alisema kweli. Hakuna ambaye angejua. Wangeweza kumaliza shule, wakaolewa, wakazeeka, na kumbukumbu zile zingeendelea kumtaja Radeva.

Shule ilipotoka alirudi darasani kufunga madirisha, maana zamu bado ilikuwa yake. Akamkuta Mwalimu Radeva anapanga vitu vyake kwenye boksi. Alikuwa ameshaondoa ramani, na sasa anashusha vyungu vya maua kutoka dirishani. Alimwomba Zornitsa amshikie kimoja. Hakumwuliza kitu. Hapo Zornitsa akakumbuka kwamba wiki hii ni mtu mmoja tu aliyenong'onezewa nywila, na mwalimu hakuwa mjinga.

"Mwalimu, hukuwaambia kwamba ulinipa mimi."

"Waliniuliza nilimpa nani. Nikasema jina lililoandikwa ni langu, na kosa ni langu."

"Lakini unajua."

Mwalimu Radeva akafuta udongo viganjani kwa leso yake. "Najua una miaka kumi na mitatu," akasema, "na mji huu ukishamshika mtu mdomoni haumtemi. Mimi nimebakiza muda mfupi nistaafu. Shika chungu vizuri, kitaanguka."

Zornitsa alikaza midomo asilie, lakini machozi hayakungoja ruhusa. Kama mwalimu angemgombeza, angejitetea, maana utetezi alikuwa nao tayari. Upole ule ulimwacha mikono mitupu. Akakitazama chungu alichokishika, akakirudisha dirishani pale kilipokuwa, akatoka.

Vyara alikuwa anamngoja chini ya ngazi na makoti yao mawili. Alipoona Zornitsa anaelekea ofisi ya mkuu, akamshika mkono wa sweta.

"Mama ataniua, Zoro."

"Sitalitaja jina lako," Zornitsa akasema. "Nitasema la kwangu."

Ndani ya ofisi walikuwamo Bi Tonkova, Mwalimu Stamen, na mama yake Ognyan aliyekuwa bado hajarudi kazini. Zornitsa alisimama mbele ya meza na kueleza yote. Alisema nywila alipewa yeye kwa sababu ya zamu, akafungua daftari mwalimu akiwa hayupo, akamwachia mtu mwingine kompyuta. Bi Tonkova akamwuliza huyo mwingine ni nani. Zornitsa akasema jina hilo hatalitaja. Hapo mlango ulifunguliwa, na Vyara akaingia na makoti mikononi.

"Ni mimi," akasema. "Niliyesoma ni mimi, na niliyesema ni mimi."

Mama yake Ognyan aliwageukia. Hakufoka tena. Alivua aproni yake, akaikunja, akasema mwanawe hajala tangu jana.

Baraza lilikaa Ijumaa kama ilivyopangwa. Mwalimu Radeva alipewa onyo, naye hakulipinga, lakini darasa lake akaachiwa. Zornitsa na Vyara walifutiwa zamu mpaka muhula uishe, na jioni hiyohiyo walikwenda nyumbani kwa Ognyan wakiwa na wazazi wao. Mama yake alisikiliza ombi lao la msamaha mlangoni. Hakuwakaribisha ndani, wala hakuwapa hata kijiko cha jamu, na katika mji ule mgeni hupewa angalau hicho. Ognyan hakutokea.

Alirudi Jumatatu, akaketi mahali pake bila kumsalimu mtu. Mwalimu Radeva alisimama mbele ya ubao, akasema anataka kuzungumza kabla ya somo.

"Nimekosea mbele yenu," akasema. "Nilidhani kumwamini mtoto ni kumpa funguo zote. Sivyo. Mtu hupewa ufunguo wa kazi yake, basi. Mambo niliyoaminiwa na wazazi wenu hayakuwa yangu kuyagawa, na mimi niliyaachia mlango wazi. Nywila yako ni kama sahihi yako. Ukimpa mtu, atatia sahihi kwa mkono wako, nawe utajibu. Na ukijikuta mbele ya mlango usio wako, hata ukiwa wazi, hata rafiki yako akikubembeleza, usiingie. Kinachosomwa hakifutiki kichwani kama chaki."

Mwalimu Stamen naye alikuwa ametengeneza fungu jipya kwenye orodha kuu, la wenye zamu. Kila mmoja alipata jina lake na nywila yake, na kilichofunguka kilikuwa kimoja tu, majina ya darasa na mahali pa kuonyesha nani yupo na nani hayupo.

Muhula mpya ulipoanza theluji ilikuwa bado nene, na zamu ikamrudia Zornitsa. Alifika mapema, akafuta ubao, akaingia kwenye kompyuta kwa jina lake mwenyewe. Majina yakatokea, na hakuna zaidi. Alijisikia mwepesi.

Ognyan akaingia akipangusa theluji mabegani. Tangu siku ile hakuwa ametaja Ujerumani tena, wala hakuwa amemsemesha Zornitsa. Alitundika koti, akakaa, akasema bila kumtazama:

"Baba anatoka mwezi wa tano."

"Utafurahi," Zornitsa akasema.

"Nimekuambia wewe tu."

Zornitsa akaonyesha kwenye kompyuta kwamba Ognyan yupo, akaifunga. Vyara alipofika na kumwuliza walikuwa wanaongea nini, akamjibu kwamba hilo akamwulize Ognyan mwenyewe, kisha akaenda kulowanisha sifongo.