Tofali Juu ya Tangi la Mvuke

Kila asubuhi kabla ya masomo, Phillis alimpelekea baba yake mkate na jibini katika karakana ya mgodi wa makaa ya mawe wa Birkhope. Baba yake, fundi Thirlaway, alikuwa ameunda garimoshi la kwanza kuonekana pale, na waendesha farasi waliokuwa wakivuta mabehewa ya makaa walimcheka mpaka basi.

"Hilo birika lenu litapanda kilima lini?" Jacob, kijana wa farasi, alimtania Phillis. "Njooni niwaazime farasi alivute!"

Siku ya majaribio, Phillis aliuona mvuke ukifoka juu ya tangi, kwenye kifuniko kilichokandamizwa na mkono wa chuma wenye uzani. Alidhani nguvu za garimoshi la baba zinapotea bure. Wakubwa walipogeuka, akatundika tofali kwenye mkono ule.

Garimoshi lilikipanda kilima kwa kishindo. Watu wakiwa bado wanashangilia, tangi lilipasuka ubavuni, na mvuke ukamwunguza mkono mchochea moto, Mzee Cuthbert.

Baba alipoliona tofali alifoka, "Mzee, nimekukataza mara ngapi kuongeza uzani kwenye kifuniko cha kupunguzia mvuke? Ungetuua!"

"Zamani nilifanya, fundi. Leo si mimi."

"Kumbe tofali limepanda lenyewe? Nenda zako, sitaki kukuona!"

Phillis alisikia yote, akajipenyeza katikati ya watu akaenda nyumbani. Kwa siku tatu aliona haya hata kumtazama mama yake. Siku ya nne alimkuta Mzee Cuthbert kando ya reli, mkono umefungwa kitambaa, akiokota makaa yaliyodondoka. Phillis akatimua mbio hadi karakana.

"Baba, tofali niliweka mimi."

Baba aliweka nyundo chini. Akavaa kofia, akasema, "Twende."

Mlangoni kwa Mzee Cuthbert, baba alivua kofia. "Nilikuhukumu bure. Nisamehe, urudi kazini."

"Nitarudi," alijibu mzee, kisha akamgeukia Phillis. "Tofali ulilitundika kwa kutojua, na asiyejua hufundishwa. Lakini kunyamaza ulijua. Mkono utapona, binti yangu. Zile siku nilizofukuzwa kama muuaji, nani atanirudishia?"

"Hakuna, babu," Phillis alisema huku akilia.

"Basi ukikosa, sema siku hiyohiyo, kabla mwingine hajabebeshwa mzigo wako."